UZI: Ushairi wa kisiasa wa Marekani ya mwanzo na ndoto ya himaya (1726–1812). Tulinganishe matoleo

Kalamu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wengi husoma ushairi wa mapinduzi ya Marekani kama kilio dhidi ya himaya. Kilio kipo, sikatai. Ila ukisoma hadi beti za mwisho utakuta karibu kila shairi kubwa la zama zile linadai himaya nyingine, ya kwao, inayoelekea machweo. Walichokataa ni kutawaliwa kutoka London.

Na hawakulionea haya neno lenyewe. Jefferson aliandika juu ya "himaya ya uhuru" katika barua ya Desemba 1780. Washington, katika waraka wake kwa majimbo mwaka 1783, alitaja msingi wa "himaya yetu". Hamilton alifungua insha ya kwanza ya Federalist, mfululizo wa kutetea katiba mpya, mwaka 1787 kwa kusema kwamba kilichokuwa mezani ni hatima ya himaya. Washairi waliimba lugha ambayo wanasiasa waliizungumza mchana kweupe.

Mzizi uko kwa George Berkeley, mwanafalsafa na kasisi wa Ireland. Mwaka 1726, akitafuta fedha za kujenga chuo Bermuda, aliandika shairi la beti sita. Lilichapishwa baadaye sana, 1752. Ubeti wa mwisho ndio unaojulikana:

"Westward the course of empire takes its way;
The four first acts already past,
A fifth shall close the drama with the day;
Time's noblest offspring is the last."

Yaani: himaya hushika njia ya magharibi, matendo manne ya mchezo yamekwisha, la tano litaufunga pamoja na siku, na mtoto wa mwisho wa Wakati ndiye bora kuliko wote. Wasomaji wa siku zile walizijua falme nne za kitabu cha Danieli, kwa hiyo hesabu hiyo haikuhitaji maelezo. Bunge la Uingereza liliahidi pauni 20,000 za chuo kile, hazikutoka. Berkeley akakaa Newport, Rhode Island, 1729 hadi 1731, akanunua shamba na watumwa, kisha akarudi kwao. Chuo hakikujengwa, lakini mshororo wake umeandikwa ndani ya jengo la Bunge la Marekani kama jina la mchoro mkubwa wa ukutani wa Emanuel Leutze, na mji wa Berkeley, California, umepewa jina lake.

Angalizo la haraka: ukikuta umenukuliwa "star of empire", hiyo si ya Berkeley. Yeye aliandika "course". Nyota iliingizwa na walionukuu baadaye.

Naomba uzi uwe wa kazi. Leteni shairi, mwaka, toleo, na mahali hasa ambapo himaya inaonekana au inajificha.

---

Dogo_Fasihi

Uzi mzito huu. Maswali mawili kabla hamjaenda mbali. Kwanza, mizani yao inahesabiwaje? Nikihesabu kama shairi letu sipati urari. Pili, matini yanapatikana wapi bure?

---

Bibi Mizani

Dogo, karibu. Kwetu kila silabi ni mizani moja na hesabu imekwisha. Kwao silabi zinahesabiwa lakini mkazo ndio unaoshika mshororo. Umbo lililotawala karne ya 18 ni mishororo miwili miwili yenye kina kimoja, kila mmoja silabi 10, mkazo ukianguka kwenye silabi ya pili, ya nne, ya sita, ya nane na ya kumi. Chukua huu wa Phillis Wheatley, mshairi Mwafrika aliyekuwa mtumwa Boston, kwa Washington:

"Thy ev'ry action let the goddess guide"

Thy-EV-ry-AC-tion-LET-the-GOD-dess-GUIDE. Kumi kamili. Watu wanakosea kwenye "ev'ry": wanaisoma silabi tatu, wanapata 11, wanadhani mshairi ameteleza. Alama ile ya juu ni maagizo kwa msomaji kwamba silabi imemezwa. Vivyo hivyo "heav'n" ni silabi moja. Na "Columbia", jina la kishairi la Marekani, ni silabi tatu, Co-LUM-bya. Sisi tunaisoma Ko-lu-mbi-a, nne, na hapo mshororo wote unavunjika.

Ubeti wa Berkeley ni tofauti: silabi 10, 8, 10, 8, vina vikipishana. Wimbo wa Timothy Dwight, aliouandika 1777 akiwa kasisi jeshini, ni mwingine kabisa:

"Columbia, Columbia, to glory arise,
The queen of the world, and the child of the skies!"

Hapo kuna mikazo minne tu na silabi mbili nyepesi katikati yake. Mwendo ni wa farasi. Ulitungwa uimbwe, na uliimbwa.

Umbo lina siasa yake pia. Kina cha mishororo miwili kinapenda usawa: huku hiki, kule kile, kisha mlango unafungwa. Ni chombo kizuri cha hukumu na kejeli. Mshairi anayetaka maono makubwa yasiyo na ukingo huacha vina kabisa na kufuata mwendo wa Milton, Mwingereza aliyetunga Paradise Lost. Ndivyo walivyofanya Freneau na Brackenridge mwaka 1771. Sitawaharibia, Mwalimu Ukurasa analo hilo.

---

Mwalimu Ukurasa

Nianze na swali la pili la Dogo.

Matini ya vitabu vilivyochapwa Marekani kabla ya 1800 yapo bure katika mkusanyiko wa Evans uliochapwa upya na Text Creation Partnership. Hayo yameandikwa na watu, yanaaminika. The Columbiad iko Project Gutenberg. Freneau ana juzuu tatu zilizohaririwa na Pattee, Princeton, kati ya 1902 na 1907. Zimeshatoka kwenye hakimiliki.

Tahadhari kwenye nakala zilizosomwa na mashine. Wachapaji wa wakati ule walitumia s ndefu, ſ, mwanzoni na katikati ya neno, na kompyuta huisoma kama f. Ukitafuta "slave" hupati kitu kwa sababu imeandikwa "flave". "Westward" imekuwa "Weftward". Mtu anahitimisha kwamba mshairi hakuutaja utumwa kabisa, kumbe mashine ndiyo haikuuona. Tafuta maumbo yote mawili. Wachapaji wengi waliiacha herufi hiyo karibu na mwaka 1800.

Sasa The Rising Glory of America, ambalo kwangu ndilo shairi la kwanza kusomwa na yeyote anayetaka kuelewa uzi huu.

Liliandikwa na Philip Freneau na Hugh Henry Brackenridge, vijana wa chuo cha New Jersey, Princeton ya leo. Brackenridge alilisoma kwenye mahafali ya Septemba 1771. James Madison, rais wa baadaye, alikuwa wa darasa lao. Lilichapishwa Philadelphia 1772. Ni mazungumzo ya watu watatu, Acasto, Eugenio na Leander, bila vina. Wanaanza na Columbus, wanapita asili ya wenyeji, vita dhidi ya Ufaransa, kilimo, biashara, elimu, kisha wanatabiri. Mwaka 1771 vijana hawa bado ni raia watiifu wa Uingereza, na utukufu wanaousifu ni wa himaya ya Uingereza iliyohamia ng'ambo.

Mwaka 1786 Freneau analichapisha tena katika kitabu chake. Vita vimeisha, yeye mwenyewe ameshafungwa kwenye meli ya wafungwa ya Waingereza mwaka 1780. Anasema katika tanbihi kwamba ametoa sehemu zake tu na kwamba shairi "limebadilishwa kidogo". Kidogo hicho ndicho cha kukitazama.

1772, wanatabiri mashujaa watakaozaliwa:

"Our Alexanders, Pompeys, heroes, kings"

1786:

"Our Scipio's, Solon's, Cato's, sages, chiefs"

Aleksanda na Pompei, wateka nchi, wameondolewa. Wameingia Solon mtunga sheria na Cato aliyekufa akiitetea jamhuri. "Kings" imefutwa. Lakini Scipio yumo, na Scipio ndiye aliyeishinda Carthage. Jamhuri inaruhusiwa kuteka, mradi anayeteka asivae taji.

Mahali pa pili ni karibu na mwisho. 1772 mshairi anaona "a thousand kingdoms rais'd", falme elfu zimeinuliwa. 1786 mahali hapo hapo anaona "Freedom's established reign", utawala wa Uhuru uliosimama. Na bado, kwenye toleo hilo la jamhuri, kuna mshororo huu:

"And empires rising where the sun descends!"

Himaya zinazochipuka jua linakotua. Wafalme wametoka na himaya zimebaki.

Hapa pana mtego. Kurasa nyingi mtandaoni huandika "1771" au "1772" juu ya matini ya baadaye. Kipimo ni rahisi: ukikuta "Freedom's established reign" huku ukurasa unadai 1772, tarehe ni ya toleo la kwanza na maneno ni ya toleo lililorekebishwa. Toleo la baadaye limeongezwa pia utabiri wa vita na Uingereza, kwa hiyo anayechanganya hayo mawili atawageuza vijana wa 1771 kuwa manabii.

---

Mzee wa Hoja

Naona mnawabana sana. "Empire" ya karne ya 18 haikuwa lazima ukoloni. Ilimaanisha pia nchi pana yenye mamlaka moja, au mamlaka yoyote tu. Mshairi anaweza kusema himaya ya akili, himaya ya sanaa. Berkeley mwenyewe kichwa cha shairi lake kinazungumzia kupanda sanaa na elimu. Msimsomee Freneau kana kwamba aliishi 1898, Marekani ilipotwaa makoloni ya Hispania.

---

Kalamu Kavu

Mzee, hoja yako ina uzito kwa neno likiwa peke yake. Ndiyo maana tusitafute neno, tutafute mto.

Katika The Rising Glory mto Ohio utapita kando ya miji mingi yenye sifa, na pale Mississippi inapopita sasa "ikilia" chini ya misitu, mataifa yatakua yasiyopungua Ugiriki na Roma. Shairi limesomwa 1771. Miaka minane nyuma, tangazo la mfalme la 1763 lilikuwa limewakataza walowezi kukaa magharibi ya milima ya Appalachia. Kwa hiyo wanachuo hawa wanajaza miji mahali ambapo sheria ya mfalme wao inasema ni ardhi ya wenyeji. Hiyo si himaya ya akili, mkuu, hiyo ni ramani.

Freneau alirudia 1785 hivi katika shairi la wahamiaji wanaokwenda nchi ya magharibi. Ohio tena. Safari hii anatumaini kwamba akili itautokomeza utumwa. Wenyeji, kwenye shairi hilo hilo, wanasogea zaidi magharibi kwa adabu, bila mtu kuwasukuma. Ukitaka kipimo, ni hiki: tazama kitenzi kinachobeba kuondoka kwao. Wanaenda, wanafifia, wanatoweka. Ni nadra kukuta nani amewaondoa.

---

Bibi Mizani

Naongezea Dwight, maana huyo hafichi mtendaji.

Ubeti wa pili wa Columbia yake unaiachia Ulaya mauaji: "To conquest, and slaughter, let Europe aspire". Mashujaa wa Columbia watatetea haki za wanadamu. Mishororo michache baadaye:

"A world is thy realm: for a world be thy laws,
Enlarg'd as thine empire, and just as thy cause"

Milki yako ni dunia, basi sheria zako ziwe za dunia. Amekataza utekaji wa nchi na amegawa dunia nzima ndani ya ubeti mmoja, na vina vimekaa sawasawa. Kina kizuri huficha mgongano ambao nathari ingeufichua.

Halafu nenda Greenfield Hill, 1794, sehemu saba. Sehemu ya pili ni kijiji kinachostawi: mashamba madogo, shule, hakuna bwana mkubwa. Imeandikwa kama jibu kwa mshairi Goldsmith na kijiji chake kilichohamwa cha 1770. Sehemu ya nne ni The Destruction of the Pequods, maangamizi ya Wapequot, wenyeji wa Connecticut. Yaani anajenga kijiji kwanza, kisha anakuonyesha kilichokuwa chini yake. Ngome ya Mystic, Connecticut, ilichomwa alfajiri ya 26 Mei 1637, wakafa mamia, wanawake na watoto wakiwemo. Mkataba wa Hartford wa 1638 ukawakataza hata kujiita Wapequot. Dwight anaomboleza kutoweka kwao huku akiieleza vita ile kama ya lazima. Kuomboleza huko kuna faida kwake: huwezi kumwombolezea mtu aliye hai jirani yako. Wapequot walikuwapo 1794, na tawi lao la Mashantucket lilitambuliwa na serikali kuu ya Marekani mwaka 1983.

---

Binti wa Ukingo

Mmefika mbali na Wheatley ametajwa kwa ajili ya mizani tu. Niruhusuni.

Alitekwa Afrika Magharibi akiwa na umri wa miaka saba au nane, akafikishwa Boston 1761 kwa meli iitwayo Phillis, ndiyo akapewa jina lake. Kitabu chake cha 1773 kilichapwa London kwa sababu jaribio la kupata wanunuzi wa kutosha Boston mwaka 1772 lilishindikana. Mbele yake kimewekwa tamko lililotiwa saini na wanaume 18 wa Boston kwamba ni kweli ameandika yeye.

Tazameni anavyopanga hoja katika shairi kwa Earl wa Dartmouth, lililoandikwa Oktoba 1772, miezi michache baada ya bwana huyo kupewa wizara ya makoloni. Anaanza na msamiati wa wazalendo: dhuluma imeifunga nchi minyororo, imekusudia kuifanya mtumwa. Kila gazeti la Boston liliandika hivyo. Kisha anageuka: ukijiuliza, bwana wangu, mapenzi yangu ya uhuru yametoka wapi, mimi nilinyakuliwa Afrika nikiwa mdogo, maumivu gani yaliupasua moyo wa baba yangu? Basi naweza kukosa kuwaombea wengine wasionje dhuluma kama hiyo?

Utaratibu wake ni huu: anaukubali mfano wao wa "utumwa", anauacha ukae vizuri, halafu anaonyesha kwamba kwake si mfano. Hajamshutumu mtu hata mmoja kwa jina. Waziri wa himaya, mwenye makoloni mkononi, hana pa kutokea.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema Wheatley alikuwa msifu wa wakubwa. Alimwandikia mfalme mwaka 1768 juu ya kufutwa kwa kodi ya stempu, akamwandikia Dartmouth, akamwandikia Washington Oktoba 1775. Alimshika kila aliyekuwa na mamlaka wakati huo. Kwa mtu asiye na kura, shairi la sifa ndilo lililokuwa ombi rasmi.

---

Dogo_Fasihi

Dada, hapo kwa Washington nimekwama. Anamtakia "a crown, a mansion, and a throne". Taji na kiti cha enzi kwa mtu anayepigana na mfalme?

---

Binti wa Ukingo

Mambo matatu, Dogo.

Tarehe: Oktoba 1775 uhuru haujatangazwa. Wengi Boston bado walidai haki zao kama raia wa Uingereza. Taji halijawa tusi.

Matini: taji hilo ni "gold unfading", dhahabu isiyochuja. Hiyo ni lugha ya kanisani, taji lisiloharibika la Agano Jipya. Amempa kiti cha enzi ambacho hawezi kukikalia hapa duniani, na masharti yako mshororo wa nyuma yake: endelea, wema ukiwa upande wako, mungu wa kike aongoze kila tendo lako.

Na kuna huyo mungu wa kike. Columbia wa shairi hili ni miongoni mwa mara za mwanzo kabisa nchi kuvikwa umbo la mwanamke mwenye jina hilo, miaka miwili kabla ya wimbo wa Dwight. Picha ambayo himaya ya Marekani ingeitumia karne nzima iliyofuata imepitia mkononi mwa mwanamke aliyeletwa kwa meli ya watumwa. Washington alimjibu tarehe 28 Februari 1776, akasema angelichapisha kama si kuogopa kuonekana mwenye majivuno. Likatoka hata hivyo, Virginia Gazette mwezi Machi na Pennsylvania Magazine ya Thomas Paine mwezi Aprili.

Mwaka 1779 alitangaza kitabu cha pili, wanunuzi hawakutosha. Alifariki Desemba 1784. Jefferson, yule wa himaya ya uhuru, aliandika kwamba mashairi yake hayastahili hata kukosolewa.

---

Mwalimu Ukurasa

Kwenye utumwa msimsahau Freneau wa To Sir Toby, linalomhusu bwana wa shamba la miwa Jamaica. Freneau alikuwa amekaa visiwa vya Karibi miaka ya vita. Linaanza bila salamu: kama jehanamu ipo, watumwa wa Sir Toby wanaipata hapa hapa. Lina chuma cha moto, mijeledi, njaa, vyote vikitajwa kwa majina yake. Ila liko Jamaica, himaya ya Waingereza. Kuishutumu sukari ya jirani kulikuwa rahisi kuliko tumbaku ya Virginia, na bosi wake wa baadaye pale Wizara ya Mambo ya Nje, aliyempa kazi ya ukarani wa tafsiri kwa dola 250 kwa mwaka, alikuwa Jefferson.

Aliyeleta shutuma nyumbani ni Joel Barlow, naye alichukua miaka 20.

The Vision of Columbus, 1787, vitabu tisa. Columbus ni mzee, yuko gerezani Valladolid, amekata tamaa. Malaika anamtoa, anampandisha mlima wa maono na kumwonyesha bara lote: mito, Mexico, Peru na Manco Capac mwanzilishi wa dola ya Inka, walowezi, mapinduzi, na mbele. Mbinu ni ya Milton, malaika Mikaeli akimwonyesha Adamu yajayo. Kazi yake kisiasa ni kumfariji mwanzilishi: mateso yako si bure, tazama kitakachozaliwa. Kwa hiyo kila kilichotokea katikati kinageuka kuwa gharama ya safari. Kitabu kilitabarukiwa kwa Louis XVI, na mfalme huyo alilipia nakala 25, Washington 20.

The Columbiad, 1807, vitabu kumi. Kitabu kikubwa, ghali, chenye picha zilizosimamiwa na Robert Fulton, yule wa meli za mvuke. Tazama kilichobadilika. Malaika ameondoka, amekuja Hesper, roho mlinzi wa bara la magharibi: Barlow ameishi Ufaransa ya mapinduzi na hataki tena malaika. Mfalme ameondoka kwenye tabaruku, ameingia Fulton. Na katika kitabu cha nane amesimama Atlas, roho mlinzi wa Afrika, anamkatiza Hesper katikati ya kusifu ushindi. Anamwambia kwa ufupi: wana wako wanahubiri haki za binadamu na wanawafunga watu wangu minyororo. Kisha Barlow mwenyewe anaacha hadithi na kuwageukia wananchi wenzake moja kwa moja.

Chanzo cha sehemu hiyo kinaeleweka. Mwaka 1796 na 1797 Barlow alikuwa Algiers kama mjumbe wa Marekani, kazi yake kuwakomboa mabaharia Wamarekani waliotekwa. Aliyewalipia fidia mateka wa nchi yake katika soko la Afrika Kaskazini asingeweza tena kuuandika utumwa wa Carolina kama jambo la pembeni.

Udhaifu wake? Mwingi. Mhusika mkuu amekaa juu ya mlima anatazama, hatendi lolote kwa vitabu kumi. Tahajia yake ya kubuni inachosha. Francis Jeffrey wa Edinburgh Review alikishambulia 1809. Kitabu cha kumi kinaishia na baraza kuu la mataifa yote, vifaa vya makasisi na wafalme vikikanyagwa chini. Picha ya tukio hilo ilimuudhi hata rafiki yake Askofu Grégoire, mpinga utumwa mkubwa, kwa sababu msalaba ulikuwa miongoni mwa vilivyotupwa. Lakini baraza hilo linastahili kusomwa taratibu: ni himaya isiyo na makao makuu ya kijeshi, yenye mifereji, biashara na kura. Barlow aliamini kweli kwamba biashara ingemaliza vita.

---

Mzee wa Hoja

Hapo nakubali kwa sehemu. Nitupie jambo la pembeni, maana miaka inagongana. Berkeley anaandika 1726. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya Pate ina tarehe ya 1728, nayo inamhusu Herekali, mfalme wa Rumi. Pande mbili za dunia, washairi wanaiwaza Rumi kwa wakati mmoja. Na karibu na miaka ya Columbiad, Al-Inkishafi inazitazama nyumba za Pate zilizobomoka. Mmoja anapanda mlima kuona miji itakayojengwa, mwingine anaingia magofuni.

---

Kalamu Kavu

Mzee, Wamarekani nao walicheza na magofu, lakini kwa kejeli. The Anarchiad ilitoka gazetini New Haven kwa matoleo 12, Oktoba 1786 hadi Septemba 1787, kazi ya Humphreys, Barlow, Trumbull na Hopkins. Walijifanya wameokota mswada wa kale kwenye magofu ya ngome ya magharibi. Ndani yake hamna ukale wowote: ni noti za karatasi za Rhode Island na uasi wa wakulima wenye madeni wa Daniel Shays, vyote vikichorwa kama kurudi kwa machafuko ya kabla ya uumbaji. Magofu ya wenyeji yamegeuzwa jukwaa la kudai serikali kuu yenye nguvu. Lilitoka mwaka ule ule wa mkutano wa katiba.

Na kwa haki, upande ulioshindwa ulikuwa na washairi. Jonathan Odell, kasisi wa Burlington, New Jersey, alitoa The American Times mwaka 1780 akiwatukana viongozi wa mapinduzi mmoja mmoja. Kwake himaya ipo tayari, ina mfalme, na waasi ni wagonjwa wa kuponywa. Baadaye alipata cheo New Brunswick, Kanada. Vitabu vingi vya shule humruka.

---

Dogo_Fasihi

Sasa nipeni mpangilio. Nianze wapi, na nini nisipoteze muda?

---

Mwalimu Ukurasa

Berkeley kwanza, beti sita, nusu saa. Halafu The Rising Glory kwa matoleo mawili kando kwa kando. Chapisha kwenye karatasi, toleo la 1772 kushoto, la 1786 kulia, na uweke alama kila "king" inapofutwa na kila "empire" inapobaki. Kazi hiyo ukiifanya vizuri huna haja ya kuamini neno letu hapa.

Kisha Wheatley mawili, Dartmouth na Washington, ukisoma kwa sauti ili alama za kumeza silabi zikuongoze. Dwight: Columbia yote, na sehemu ya pili na ya nne ya Greenfield Hill. Zilizobaki unaweza kuziacha. The Conquest of Canaan yake, vitabu 11, iruke isipokuwa unaandika tasnifu. Inatosha kujua ni vita vya Yoshua vilivyotabarukiwa kwa Washington mwaka 1785, na kwamba wasomaji walimwona jenerali ndani ya Yoshua hata Dwight alipokana.

Columbiad usiianze kitabu cha kwanza. Soma muhtasari ambao Barlow ameuweka mwanzoni mwa kila kitabu, kisha kitabu cha nane na cha kumi kikamilifu.

---

Bibi Mizani

Nimwongezee Dogo moja. Baada ya Columbiad asome Advice to a Raven in Russia, shairi fupi la Barlow la Desemba 1812. Alikuwa balozi, ametumwa Vilnius kumfuata Napoleon kwa ajili ya mkataba, akalikuta jeshi linarudi limeganda. Anamshauri kunguru ahame Urusi: maiti za huku zimekuwa barafu, macho hayadonoleki, aende kusini, Napoleon atamwandalia nyama laini huko pia. Hamna malaika, hamna mlima wa maono. Ni umbo lile lile la silabi 10 kwa vina viwili viwili alilolitumia kusifu yajayo, ndiyo maana linauma. Barlow alifariki siku chache baadaye kijijini Żarnowiec, Poland, na hakuliona likichapishwa.

---

Binti wa Ukingo

Na kwenye jedwali lako, Dogo, ongeza safu ya tatu: mwaka ule nani alikuwa akilipa. Louis XVI, Countess wa Huntingdon aliyetabarukiwa kitabu cha Wheatley, Jefferson na mshahara wa Freneau. Mabadiliko kadhaa ya toleo hadi toleo yataonekana yanafuata safu hiyo kuliko hoja. Ukimaliza The Rising Glory, weka picha ya kurasa zako hapa, tuanze kubishana mshororo kwa mshororo.